Chokaa ya Shangazi Ndani ya Tangi la Samaki

Kwanza niliisikia pampu ikikohoa. Nilikuwa jikoni kwa watu, mtaa wa Turffontein, nasuuza ndoo, nikaisikia huko sebuleni inakohoa kama mtu aliyepaliwa na chai, inanyamaza, inakohoa tena, na kabla sijageuza shingo nilishajua kwamba nimejiaibisha, kilichobaki ni kujua kiasi gani. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasimuliwa na Papa Ilunga, maana yeye hutia chumvi, na aibu yangu haihitaji nyongeza.

Ilikuwa mwaka 2017. Nilikuwa nimepanga chumba Berea, mtaa mwingine wa mji huohuo wa ugenini, naandika riwaya iliyokuwa haitaki kwisha, na nampenda Rehema, binti wa Mzee Athumani, mfanyabiashara wa kwetu Tanga. Mzee alikuwa na tangi la samaki la maji ya chumvi, refu kama kitanda, na alikuwa akisema kwamba mji huu una kila kitu ila bahari, basi ile ndiyo bahari yake. Jambo moja tu lilimkera: mawe yake yalikuwa meupe kama mifupa. Aliyataka ya zambarau, kama miamba aliyokuwa akiikanyaga utotoni maji yakipwa.

Zambarau ile ni mwani, ila si mwani wa kupepea. Ni mgumu, hujitandaza juu ya jiwe kama rangi iliyopakwa na mtu asiye na haraka. Mimi (niliyekuwa nimesoma habari zake kwenye mtandao kwa siku mbili nzima) nikamwambia mzee anipe miezi mitatu. Basi kila Jumamosi nakuja, napima maji, nabadilisha kiasi, nakwangua jiwe moja la zambarau nililopewa na muuza samaki ili vumbi lake liyaangukie mawe mengine. Mzee ananitazama kutoka kwenye kiti chake. Siku moja akasema, bila kunigeukia, "Mtu asiyejua kungoja mimi simpi mtoto wangu." Nikajua kwamba anajua.

Ikafika Jumamosi ya posa. Sina ndugu mji huu, kwa hiyo mshenga wangu alikuwa Papa Ilunga, fundi cherehani wa mtaa wa Yeoville, Mkongomani, Mkristo, mwenye sauti ya kuhutubia uwanja. Wangefika saa kumi, yeye na rafiki yangu mmoja wa Tanga, na mimi nilitakiwa nimalize maji yangu na kuondoka saa tisa, kwani mwoaji hakai kwenye posa yake mwenyewe.

Nikayatazama mawe. Miezi mitatu ilikuwa imetimia na zambarau yenyewe ilikuwa vidoadoa, kama mtu amemwaga dengu chache. Nikaona haya. Na hapo mezani, kwenye sinia ya tambuu aliyowaandalia wageni Shangazi Mwanaidi, dada yake mzee, kulikuwa na majani, popoo, na kikopo cha chokaa nyeupe safi. Mwani ule hujenga ganda lake kwa chokaa, hilo nililisoma. Nilisoma pia kwamba chokaa huyeyushwa kwanza kwenye maji baridi na kudondoshwa tone kwa tone, kwa saa nyingi (sehemu hiyo niliamua kuisahau). Nikamimina kikopo chote, nikakoroga kwa mkono, nikaenda jikoni kusuuza ndoo kama mtu aliyefanya jambo la maana.

Niliporudi, tangi lilikuwa maziwa. Mawe hayaonekani, samaki hawaonekani, ila mmoja wa rangi ya chungwa alikuwa juu kabisa anahema. Nikavua viatu (sijui viatu vilihusu nini), nikapanda stuli, nikazamisha mikono yote miwili hadi kwapani, na mlango ukagongwa: saa kumi.

"Eh, mon fils," akasema Papa Ilunga, akiniita mwanawe kwa Kifaransa, amesimama kwenye zulia na suti ya kijivu aliyoishona mwenyewe, rafiki yangu wa Tanga pembeni yake. "Shi ulisema hautakuwa huku? Mu maji mule unatafuta nini?"

Nyuma yao akaja Mzee Athumani, aliyewafungulia mlango, na kanzu yake ya Ijumaa. Akatazama tangi. "Umetia nini?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: pampu imeharibika, mzee. Rehema alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, ananitazama.

"Chokaa ya shangazi," nikasema.

"Kiasi gani?"

"Yote."

Shangazi akakichukua kikopo, akakipindua, akakigonga chini. "Na wageni wangu sasa walambe ukuta?"

Mzee akakunja mikono ya kanzu. Nilikuwa na pipa la maji ya chumvi nililolichanganya jana yake, na tukateka maziwa kwa ndoo, kwa jagi, Papa Ilunga kwa sufuria ya pilau, koti lake amemkabidhi Rehema. Samaki wote wanne wakaishia kwenye beseni la kufulia, wazima. Tulimpoteza kamba mmoja. Nikiwa nimepiga magoti kwenye zulia lililolowa niliapa kwamba kitu kinachoota sitakisukuma tena, kiwe mwani, kiwe riwaya.

Mzee akaketi, maji yanamchuruzika. "Ungeniambia ni pampu ningeamini. Mimi sijui pampu."

"Najua, mzee."

"Na Jumamosi ijayo?"

"Nakuja. Naanza upya."

Akawatazama samaki wakijipigapiga kwenye beseni. Kisha akamgeukia Papa Ilunga. "Haya, bwana. Leteni maneno yenu."

Papa Ilunga akavaa koti, akakohoa, akaanza hotuba aliyoifanyia mazoezi wiki nzima, nami nikabaki nimesimama naisikiliza kama mpumbavu, viatu mkononi, hadi mzee akaniona.

"Wewe bado upo? Mahari haizungumzwi mbele ya mwoaji."

Nikatoka pekupeku, shati limenigandia mwilini, na shangazi akaufunga mlango nyuma yangu.