Yule Ambaye Hakusema Amechoka

Mwaka 1979, nikiwa na miaka kumi na moja, baba alifariki na baba mdogo akanichukua. Shule ikaishia darasa la tatu. Alikuwa na gereji ya malori Morogoro, na kazi alinifundisha kwa mnyororo wa baiskeli. Kuna mahali mgongoni mwangu mpaka leo ukinichoma sindano sisikii. Nilipofika kumi na saba nilimnyang'anya ule mnyororo, nikamvunja nao mkono, nikaenda kupigana ngumi. Sijutii.

Ngumi zikanileta Houston, Marekani. Pambano la kwanza nikavunjwa taya, promota akapotea, nikabaki nafagia ukumbi wa mazoezi wa chuo kimoja. Siku moja wachezaji wa mpira wa Kimarekani walishindwa kunyanyua chuma. Nikalaza ufagio, nikakinyanyua. Kocha wa mazoezi ya nguvu akanifanya msaidizi wake. Mtihani wa cheti cha ukocha nilifeli mara tatu; wa nne nikapita, mke wangu akinisomea vitabu jikoni. Alipostaafu yule kocha, kazi ikawa yangu.

Nilikuwa mkatili, nakubali. Aliyechelewa alisukuma toroli la chuma lisilo na magurudumu, uwanja mzima, kwenye jua la Agosti. Walitapika. Mmoja alinirushia ngumi, nikambana shingo ukutani mpaka akalegea. Na matusi walinipa.

"Kocha, hicho Kiingereza chako ulikiokota jalalani?"

"Nilikikuta karibu na miguu yako. Sukuma!"

Matusi yale ndiyo yalikuwa kipimo changu. Mmarekani akifika mwisho wa nguvu anakutukana, anakaa chini. Nikitukanwa vizuri, nasimamisha zoezi.

Mwaka mmoja akaja Mkongo aliyekulia Gulfton, mtaa wa wahamiaji pale Houston, miaka ishirini na moja, mwili kama mlango wa ghala. Mama yake alimleta mwenyewe, amejifunga kitenge, akamshika mkono akauweka mkononi mwangu mbele ya timu nzima.

"Papa, huyu mutoto nakuachia. Akileta kichwa ngumu, umuchape."

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka. Kwetu mzazi akikukabidhi mwanawe hivyo, amekukabidhi kweli.

Wiki ya pili alikosa mazoezi ya asubuhi. Nikampa toroli mara ishirini, kisha kuchuchumaa na chuma begani. Nilimwongezea kuliko wenzake kwa sababu alikuwa wa kwetu, na sikutaka waseme nampendelea.

"Unaweza?"

"Ndiyo, mzee."

"Nyingine!"

"Ndiyo, mzee."

Miguu ilikuwa inatetemeka kama ya ndama. Nikasubiri tusi. Nikasubiri akae. Mwenzake mmoja akapiga kelele, "Kocha, anakufa huyo!" Nikamwambia anyamaze. Kijana akasema "Ndiyo, mzee" mara ya mwisho, akaanguka kifudifudi, meno mawili yakabaki kwenye sakafu.

Hospitali wakamwekea mpira wa mkojo. Mkojo uliotoka ulikuwa mweusi kama kahawa. Daktari akasema misuli imepasuka na uchafu wake umeziba figo. Ataishi au hataishi, bado hajui. Nilikaa nje ya chumba chake siku tatu, na sikuwaza mechi hata kidogo. Niliwaza kwamba mimi, niliyelelewa kwa kipigo, nilikuwa najua vizuri kabisa kwa nini mtoto wa kwetu hamwambii mkubwa amechoka. Nilijua na nikaendelea kuhesabu.

Mama yake alifika akanizaba kofi, la pili, la tatu. Mikono yangu niliiacha chini.

"Nilikuachia mutoto, papa! Sikukuachia maiti!"

Mashine ilimsafisha damu wiki mbili, figo zikaamka. Mpira hakucheza tena. Chuo kiliita kikao, na wakubwa wakataka niseme kijana alificha ugonjwa. Nikawaambia hakuwa na ugonjwa wowote, nilimpiga kwa chuma badala ya fimbo. Wakanifukuza siku ile ile.

Tukahamia DeSoto, mji mwingine jimbo lile lile, nikaanza upya na ukumbi wangu mwenyewe. Kwangu mtu hagusi chuma kabla hajanitazama usoni akakataa, kwa sauti, zoezi nililompa. Watoto wa Kiafrika huchukua siku kadhaa. Wengine hulia. Nawasubiri.

Leo nina nyumba ya vyumba vinne, imelipwa yote. Nina ukumbi wa mazoezi, jengo na vyuma vyake. Nina pikapu moja, mke yule yule, na kiwanja Morogoro ambacho sijakijenga. Kazi ya chuo sina.