Mama Anasugua Choo cha Wapangaji Katika Nyumba Yake Mwenyewe

Jina langu msiliweke, nawaomba, maana kaka yangu mkubwa anafuata ukurasa huu. Ila akijiona humu, na ajione tu. Nina miaka thelathini na minne, mama wa watoto watatu, naishi Likoni na mume wangu kwenye chumba kimoja na sebule.

Kwetu ni Mtopanga. Baba alituachia nyumba ya vyumba sita, na mama bado anaishi humo. Mwaka jana kaka akaja na wazo la kupangisha chumba kimoja kimoja, akasema mama atatulia tu ale kodi. Sote tukamsifu. Hata sebule akaikata kwa plaiwudi, vikapatikana vyumba vingine viwili. Choo kikabaki kilekile kimoja.

Jumamosi nilienda bila kupiga simu. Nikamkuta mama uani anachambua mchicha. Mara akatokea kijana mmoja, mpangaji kutoka bara, mswaki mdomoni. "Mathe, choo imejaa tena! Si ulisema utaosha?"

Mama akaitika, "Abee, naja."

Abee! Kama msichana aliyeitwa na mkubwa wake, na huyo ni rika la wajukuu zake! Akainuka na magoti yake mabovu, akachukua brashi na ndoo, akaenda kuinamia uchafu wa watu baki. Nilitapika palepale uani, na si harufu iliyonitapisha.

Nikampigia kaka. Wala hakuona haya. "We mtoto, nitafute mtu wa usafi wa nini na mama yupo? Kwanza anapata mazoezi." Mazoezi! Mkewe hata kikombe alichonywea haoshi. Tumetoka tumbo moja, lakini siku hizi nikisikia sauti yake mwili unanisisimka kwa kinyaa.

Nikamwambia mama afungashe twende kwangu. Akanivuta chumbani kwake, akafunga mlango. "Mwanangu, usimkasirishe kaka yako, kodi yote anaishika yeye. Nisipoosha, atasema na chumba hiki ni hasara, akipangishe. Nikitoka hata wiki moja, nikirudi nitakuta kina mtu."

Nimerudi Likoni peke yangu. Nikimchukua, anapoteza chumba pekee alichobakia nacho katika nyumba aliyoijenga na baba. Nikimwacha, kesho ataitwa tena, na ataitika abee. Nishaurini jamani, nifanye nini?