Mkono wa Shati Ulioshonwa Mwezini

Saa tisa alasiri, katika chumba cha juu cha sinema, Muhidin Bilali, mwendesha mashine ya kuonyeshea filamu, anapitisha mkanda wa filamu kati ya kidole gumba na cha shahada, macho ameyafumba. Chini, mlango wa sinema haujafunguliwa, lakini foleni imeshafika duka la chumvi, na sauti ya Mwaija, muuza karanga, inasikika mpaka huku juu.

"Leo akikata tena, naondoka na kiti changu hadi nyumbani," anasema Mwaija. Foleni inacheka.

Muhidin hacheki. Onyesho la leo ndilo litakaloamua kama kazi bado ni yake.

Ugomvi ulianza Jumamosi iliyopita. Mwanza nzima inafuatilia filamu ya mfululizo ya watu waliokwenda mwezini, na katika sehemu ya nne shujaa aliingia pangoni mkono wa shati umechanika hadi kwapani. Akatoka upande wa pili na mkono mzima, umepigwa pasi. Nkwabi, fundi cherehani, akasimama gizani: "Huko mwezini nani kamshonea?"

Ukumbi ukachafuka. Watu waliamini kuna kipande kimekatwa, na mkataji ni Muhidin. Maganda ya karanga yakarushwa kwenye dirisha lake. Mwenye sinema akatangaza sehemu hiyo irudiwe leo. Kelele zikizuka tena, ataleta opereta kutoka Nairobi.

"Si mshahara tu," anasema Muhidin, anayelipwa shilingi mia na ishirini kwa mwezi. "Nimefagia chumba hiki miaka saba kabla sijaruhusiwa kugusa mashine. Uhuru hata mwaka haujatimiza, na mimi ndiye mwenyeji wa kwanza kuendesha mashine hapa. Nikitolewa, watasema tulijaribiwa tukashindwa."

Kwa hiyo amemwita Nkwabi mwenyewe apande ngazi.

"Karibu, adui yangu."

"Nimekaribia. Nionyeshe ulikokificha hicho kipande."

Muhidin anaunga vipande viwili vibovu vya mkanda kwa gundi, anampa apapase. "Umeona uvimbe huo? Mkanda ukikatwa lazima uungwe, na ukiungwa kidole kinajua. Sasa fumba macho, upapase sehemu ya nne."

Nkwabi, mwenye miaka ishirini ya kushona, anapapasa taratibu. Anasita. "Hapa."

"Hapo uliungua, ukaungwa kabla haujaja kwetu. Ni pale roketi inaporuka. Endelea."

Wanafika pangoni. Muhidin anainua mkanda kwenye taa: picha hii mkono umechanika, inayofuata mzima. Nkwabi anapapasa mara tatu. Laini.

"Kumbe wamekosea wenyewe," anasema. "Na mashine zao zote zile?"

"Walipiga picha siku mbili tofauti, wakasahau shati. Basi."

Nkwabi anashuka moja kwa moja kwa Mwaija, maana ukitaka habari ifike Mkolani kabla ya magharibi, yeye ndiye wa kumwambia. Onyesho linaanza, na shujaa anapotoka pangoni ukumbi unalipuka tena, lakini safari hii ni kicheko: wanawacheka waliotengeneza filamu. Mwaija anageukia dirisha la juu na kupiga makofi.

Mwenye sinema anachungulia chumbani. "Sehemu ya tano inafika na treni Jumatano," anamwambia Muhidin. "Nenda kaipokee."

Muhidin ameshaandika barua mbili Dar es Salaam akiomba kufundishwa kupiga picha za sinema. Hajajibiwa. Wiki hii anaandika ya tatu.

"Siku tutakapotengeneza filamu zetu, nataka nisimame pale pale kwenye kamera," anasema. "Huku juu, kosa la wengine linanifikia limeshakuwa langu."