Uso Ambao Chin-shui Hakuweza Kuuchora

Mtaani kwetu katika mji wa bandari wa Keelung, ukifiwa ulimpelekea Yu Chin-shui picha ya marehemu, naye akakuchorea kwa mkaa sura kubwa ya kutundika juu ya madhabahu ya nyumbani. Alimchora baba yangu, akamchora na shangazi. Duka lake lilipakana na kibanda changu cha supu, kwa hiyo nilisikia siku familia moja ilipomjia juu: alikuwa amempa marehemu wao macho yasiyolingana, wala hakuwa ameona kosa lolote.

Daktari alimwambia kitovu cha macho yake kimekufa. Pembeni ataendelea kuona. Katikati, pale penye uso wa mtu anayemtazama, litabaki wingu tu. Chin-shui akafunga duka, akakaa ndani akimnunia kila mtu.

Mkewe, Luan, hakuvumilia. Mwalimu mmoja kijana, Bi Pai, alikuwa akikusanya watu wa mtaa wachore umati wa stesheni ya treni, bila nyuso, kwenye karatasi moja ndefu, itakayotundikwa katika ghala la zamani la bandarini. Luan akamwandikisha mumewe bila kumuuliza.

"Watu wasio na sura?" Chin-shui alimaka. "Nimekuwa mtoto?"

"Mtoto angekuwa ameshavaa viatu. Inuka, mzee."

Mwanzoni alichora vibaya sana. Luan alicheka hadi akashika mbavu. "Hawa wanawahi treni au wamepangwa wapigwe picha ya shule?"

Akajaribu brashi iliyolowa chepechepe. Akajaribu kuchora bila kuinua mkono, kisha bila kuitazama karatasi. Ndipo akagundua kwamba akigeuza kichwa, pembe ya jicho ilinasa kitu ambacho hakuwahi kukijali alipokuwa mzima: mwendo. Aliyechelewa alikuwa mstari mmoja ulioinama mbele. Aliyetoka hospitali alikuwa doa zito linaloburuta wino nyuma yake.

Ukawa mchezo wao. Luan alijichanganya na watu wanaovuka uwanja wa stesheni, na Chin-shui alimtafuta kwa brashi.

"Haya, nilikuwa wapi?"

"Nyuma ya yule mwenye toroli. Unatembea kama bata aliyekasirika."

"Na ukamwoa bata mwenyewe!"

Mvua za baridi zilipoanza, niliwapelekea supu pale kwenye ngazi za stesheni. Chin-shui alikuwa akimchora mkewe, mara brashi ikasimama.

"Luan, bega lako la kushoto limeshuka. Na hatua umezifupisha. Unaumwa nini?"

"Nani kakwambia naumwa?"

"Mkono wangu."

Luan akaketi ngazini. Alikuwa akificha maumivu tangu kiangazi, asije akamwongezea mumewe mzigo. Hospitalini walisema ni saratani ya kongosho, na kwamba amechelewa kuja. Alifariki kabla ya sikukuu ya Mwaka Mpya.

Binti yao, Hsin-ju, alirudi kutoka mji wa Taichung kuzika. "Baba, mchore Mama," alisema. "Umewachora wafu wa mji mzima." Hakuwa mkali, alikuwa akiomba.

Chin-shui alijifungia dukani kutwa, picha ya mkewe ameiweka kando ya jicho. Mimi na Hsin-ju tulipoingia tulikuta mwanamke tusiyemjua karatasini.

"Ni yeye?" akauliza.

Hsin-ju alisita, na kusita kule kulimtosha baba yake. Akaipasua karatasi. Madhabahuni ikawekwa picha ya kamera.

Maonyesho yalipofunguliwa tulikwenda watatu. Ile karatasi ilizunguka kuta zote za ghala, watu wakipita ndani yake kwa mamia, hakuna mwenye pua wala mdomo.

"Mama yumo humu?" Hsin-ju aliuliza.

"Yumo."

Akaenda akitazama mmoja mmoja, hadi akasimama mbele ya mama mmoja mwenye mwavuli. "Huyu hapa! Ni yeye kabisa, Baba!"

Mimi nilikuwepo Luan alipochorwa. Alikuwa upande wa pili kabisa wa ghala, karibu na kibanda cha magazeti kilichochorwa pale. Chin-shui naye alijua. Aligeuza kichwa ili amwone binti yake kwa pembe ya jicho.

"Ndiye," akasema.

Hsin-ju akamshika mkono, wakasimama mbele ya yule mama wasiyemjua, wakalia.