Mkeka wa Bibi na Makuti Mawili ya Mkindu

Enzi zetu kule Kipungani, Idd ilianza kunukia kabla haijafika: ukindu ukichemshwa na rangi, mkate wa mofa ukiiva uani, akina mama wakisuka huku wakitaniana. Mimi shuleni sikudumu, miguu iliniwasha. Dini niliisomea mkekani kwa Bibi yangu, Bi Mwanaesha.

Mwaka mmoja Bibi alinuia kutoa mkeka msikitini, watu wausalie Idd. Thawabu alimkusudia Babu, aliyekuwa amefariki mwaka ule. Umebaki upana wa shubiri, ukindu ukamwishia. Nikatoka mbio, nikarudi na makuti mawili machanga ya mkindu. Alinibusu mpaka nikaona haya. Akayachana, akayaanika, akasuka na kushona.

Siku ya mwisho ya Ramadhani, akikata uzi wa mwisho, alisema kwa furaha, "Kumbe mikindu yetu imeshachipua!"

"Si yetu, Bibi. Ni ya Bwana Athumani."

Akaweka kisu chini. Bwana Athumani alikuwa jirani yetu, na yeye na Bibi hawakusemezana tangu mbuzi wetu alipokula mihogo yake.

"Ni mawili tu," nikajitetea, "na hakuna aliyeniona."

"Hakuna? Basi twamsujudia nani?"

Bibi akaukunja mkeka.

"Jitwike mkeka. Shika ndia, twende kwake."

Tukaenda, jua la utosi, yeye na saumu yake na magoti yake mabovu. Bwana Athumani alikuwa barazani akifua nazi. Bibi akautandaza mkeka mbele yake, kisu mkononi.

"Mjukuu wangu amekata makuti mawili ya mkindu wako bila ruhusa. Yamo humu. Usiporidhia, naufumua hapa hapa."

Mzee akamtazama. "Bi Mwanaesha, mbuzi wako alimaliza shamba zima hukuja. Leo waja kwa makuti mawili?"

"Na hilo la mbuzi pia nimelijia. Nilikukosea, nikaona haya kusema."

Nilikodolea macho kile kisu. Bwana Athumani alipitisha kiganja juu ya mkeka, polepole, kama anayepapasa kichwa cha mtoto.

"Nimeridhia. Mkindu, na mihogo."

Akainuka, akashika upande mmoja, mimi mwingine, tukaupeleka msikitini pamoja. Asubuhi ya Idd nilimwona akisali juu yake.

Baadaye nimetangatanga sana, bandari hii na ile, nikisikiliza mawaidha ya watu waliosoma kunishinda. Wajukuu zangu siku hizi hutandika misala laini kama godoro, lebo bado inaning'inia, wakapigana picha kwanza ndipo wakumbuke kibla kiko wapi. Nawacheka, nao wananicheka mimi. Maana kila ninapotandikiwa msala, kabla sijasema Allahu Akbar, mimi mzee mzima nauliza bado, "Huu ni wa nani, na ameridhia?"