Shemeji anataka nipige magoti kwa sababu nilichomoa waya wa tela lake

Admin, nifichie jina, maana Dodoma hii tunajuana. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na nne, mama wa binti mmoja ambaye hapa nitamwita Neema. Neema anafanya kazi ofisi za serikali kule Mtumba na amepata mchumba. Wakweze wanataka kuja kujitambulisha, na kwa desturi yetu baba mkubwa wake ndiye wa kusimama badala ya marehemu baba yake. Baba mkubwa amekubali kusimama kwa sharti moja tu: nipige magoti mbele ya ukoo nimwombe msamaha kwa jambo nililolifanya Neema akiwa bado anabebwa mgongoni.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mwenye akiba anaingia kwenye biashara. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alipunguzwa kazini kwenye shirika, kiinua mgongo chake akanunulia semi, lori la kichwa na tela, iliyokwisha kutumika huko nje. Kichwa kilitoka kwingine na tela likatoka kwingine, havikuwahi kukutana. Mume wangu ndiye akawa dereva. Mimi nilikuwa najua umeme wa magari, nimefundishwa na marehemu baba kwenye gereji yake Kizota, kwa hiyo kazi ya kuvioanisha hivyo vitu viwili niliifanya mimi, shemeji akinisifia mbele za watu kwamba mdogo wake kaoa fundi.

Kwa wasiojua, kichwa na tela vinaunganishwa kwa mipira ya upepo na waya wa umeme. Mipira inapeleka upepo wa breki nyuma, waya unapeleka umeme wa taa. Mipira ikiwa mibovu, tela halishiki breki. Linabaki mzigo tu unaokusukuma.

Basi mpira mmoja ukawa unapasuka kila mara. Nilimwambia shemeji uagizwe mwingine Dar, huu umeshachoka. Akasema sawa. Asubuhi moja nikampelekea mume wangu chai pale gari lilipopakiwa, chumvi na sabuni za kwenda Mwanza, nikakuta mpira hakuna. Tundu la upepo limezibwa kwa bolti, na breki za tela zimelegezwa magurudumu yazunguke bila kushika. Nikamuuliza mume wangu nani kafanya hivi. Akatazama chini, akasema kaka ameleta fundi jana, kaka anasema breki za kichwa zinatosha, yeye dereva apite Sekenke taratibu.

Mnaoijua Sekenke mnaujua mteremko ule. Taratibu ya nani, na shehena ile mgongoni?

Sikugombana naye. Nilimkaza Neema mgongoni, nikapanda katikati ya kichwa na tela, nikachomoa waya wa taa, nikakata plagi zake zote mbili. Mpira wa upepo uliobaki nikaufungua kwa spana. Nikashuka navyo mkononi. Wapakizi wananiangalia. Shemeji akaja mbio, akaniuliza kama nimerukwa na akili. Akasema, na hili sijalisahau, "Mwanamke aliyeolewa hapa juzi hawezi kusimamisha gari la ukoo." Nilimgeukia mume wangu, mguu wake mmoja uko kwenye ngazi ya gari.

"Baba Neema, ukipanda hilo gari, ujue umeniacha mjane kwa hiari yako."

Alimtazama kaka yake, akanitazama mimi. Kisha akashuka, akampa kaka yake funguo, akambeba mtoto, tukaondoka.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi mtanigeuka. Gari lile halikuanguka. Shemeji alitafuta waya mwingine na dereva mwingine, tundu la pili la upepo akaliziba pia. Nilimfuata yule dereva nikamweleza. Akaniambia na yeye ana watoto wa kulisha, akapanda. Akaenda Mwanza, akarudi mzima. Ukoo mzima ukanicheka. Mama mkwe akasema nimemtoa mwanawe kazini kwa woga wa kike. Kikao kikakaa, nikaambiwa niombe msamaha, nikakataa. Tangu hapo sikualikwa tena kwenye shughuli yao yoyote.

Mume wangu hakuendesha tena. Tulifungua kibanda hapo hapo Kizota, tukawa tunaunga mipira na waya za matela ya watu. Kuna siku alikuwa anaacha kazi kutazama lori likipita, najua alikuwa anaikumbuka barabara. Mara moja tu niliwahi kumuuliza kama ananilaumu. Akasema siku ile mguu wake kwenye ngazi ulikuwa unatetemeka, ila alikuwa anamwogopa kaka yake kuliko mteremko.

Wiki iliyopita Neema amekuja analia. Anasema, "Mama, sema tu samahani yaishe, ni neno moja." Shangazi zake wananipigia simu kwamba nina kiburi, kwamba nataka kumharibia mtoto ndoa kwa ajili ya waya. Wananiambia shemeji ameshazeeka, nimwonee huruma. Namwonea. Akiugua nitampikia uji. Shikamoo yake nampa kila tukikutana, na huwa haitikii.

Lakini kusema nilikosea, hapana. Gari kurudi salama si ushahidi kwamba breki zilikuwepo. Nikipiga magoti pale nitakuwa namwambia binti yangu kwamba siku akiona mtu wake anapanda kifo, anyamaze kwa sababu mwenye gari ni mkubwa.

Wenye busara, nielekezeni namna ya kumwozesha mwanangu kwa heshima, hata kama atasimamiwa na mjomba wake. Ila mkitaka kuniambia niombe msamaha, msijisumbue kuandika. Baba Neema alikufa kwa maradhi, kitandani kwake, ana mvi, ameshika mkono wangu. Siombi msamaha kwa hilo.