Kengele ya Bondeni

Kabla ya uhuru, baba alikuwa akinipakia kwenye keria ya baiskeli, tukitoka Mikindani kwa njia ya changarawe kwenda shamba, ng'ambo ya bonde la mto. Gari hazikupita huko. Tukisikia magurudumu tu yakisaga vijiwe, na harufu ya mihogo iliyotoka kuchimbwa. Wakati wa kurudi, tukianza kupanda kutoka bondeni, baba hupiga kengele, na mama nyumbani huteleka chai.

Baba alipofariki, mama alikaa eda, asionwe na mwanamume anayeweza kumwoa, hata shemeji yake. Ami, mdogo wake baba, akaichukua baiskeli kwenda kulima. Alasiri moja akapiga kengele palepale. Mama akatoka mbio hadi njiani, kichwa wazi, kikombe mkononi.

Shangazi zangu walimvuta ndani wakimkemea kama mtoto, eti ametia aibu. Aibu gani? Kwa hasira nikachukua bisibisi, nikaing'oa kengele.

Kesho yake ami alirudi kimya.

"Mbona haikulia?" mama akauliza chumbani.

"Nimeing'oa, mama."

"Irudishe, mwanangu. Nitakaa ndani, wallahi."